Kamba ya Kupimia Sanda

Mzee Athanas, baba yake rafiki yangu Benedikta, ni mpelelezi mstaafu. Amestaafu, lakini hajaacha kumsaka muuaji anayenunua sanda Kariakoo kwanza, ndipo aue. Juzi mchana alipigiwa simu na Mwanne, muuza sanda.

"Shikamoo mzee. Yule mtu wako kanunua tena, ila kasahau kamba aliyopimia."

"Marahaba. Nakuja."

Alikuta umeme umekatika, duka giza totoro. Nyuma ya pazia kitambaa kilikuwa kinachanwa, taratibu.

"Una msaidizi?"

"Niko peke yangu. Hebu simama tuone urefu wa marehemu mtarajiwa," Mwanne alitania, akaishika kamba utosini pa mzee.

Ikashuka mpaka kisiginoni, haikuzidi wala kupungua. Nyuma ya pazia, kuchana kukakoma.