Faida Imepanda, Ng'ombe Wasiuzwe

Odeta alimkanyaga Luhende sokoni Mkuyuni, mchana wa jua kali, halafu akamfokea yeye.

"Mguu wako unafanya nini katikati ya njia?"

"Ulikuwa unakusubiri, dada," alijibu Luhende, akicheka huku machozi ya maumivu yakimlengalenga.

Odeta alikuwa na gauni la kitenge cha njano na kikapu cha nyanya. Naye akacheka. Mvua zilipoanza, simu zao zilikuwa hazikatiki.

Luhende alikuwa mhasibu wa kampuni moja ya barafu ya kuhifadhia samaki, kule Igogo. Kampuni ilipotangaza kuuza hisa mpya, mama yake Odeta, Bi Getruda, mjane mfugaji wa Usagara, alisema atauza ng'ombe wake sita anunue.

"Mpenzi, anunue?" Odeta aliuliza kwenye simu.

"Asubiri ripoti ya mwaka itoke."

"Kwa nini? Kuna ubaya?"

Hesabu Luhende alizijua, lakini kuzitoa kabla hazijatangazwa kungemfukuzisha kazi. "Asubiri tu, mama watoto."

"Mama watoto wa nani? Sema hutaki mama yangu apate!" Akakata.

Baada ya hapo Odeta hakupokea simu zake. Luhende hakulala vizuri.

Asubuhi ripoti ilipotoka, Odeta alimkuta getini kazini kwake.

"Faida ilikuwa milioni mia mbili, sasa ni mia mbili na arobaini! Nimemwambia mama asikusikilize. Yuko mnadani sasa hivi!"

Luhende alibadilika uso. "Odeta, sasa naruhusiwa kusema. Hiyo ni faida baada ya kodi. Hisa za upendeleo hatuna. Zingekuwepo, gawio lake lingetoka kwanza. Inayobaki inagawanywa kwa hisa za kawaida. Mwaka uliotangulia zilikuwa milioni moja. Kila hisa ilipata ngapi?"

"Shilingi mia mbili."

"Mwaka huu, katikati, wakatoa hisa milioni moja nyingine. Nusu mwaka milioni moja, nusu mwaka milioni mbili. Wastani?"

"Milioni moja na nusu." Odeta alibonyeza kikokotoo cha simu. "Kila hisa mia na sitini! Imeshuka!"

"Na sasa wanaongeza nyingine tena."

Simu ya mama iliita bila kupokelewa. Luhende aliazima gari la mwenzake, wakaondoka mbio.

"Ng'ombe hao ndio walionisomesha," Odeta alisema njiani, akiuma kucha. "Wakiisha nitamwambia nini?"

Mnadani vumbi lilikuwa limetanda. Bi Getruda alisimama na khanga kichwani. Ng'ombe wawili walishauzwa; wanne waliobaki, mnunuzi alikuwa keshashika kamba zao.

"Shikamoo, mama," alisema Luhende.

"Marahaba. Mbona mnahema?"

Odeta alieleza harakaharaka. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mia mbili imekuwa mia na sitini?"

"Ndiyo, mama."

Bi Getruda alizichukua kamba mkononi mwa mnunuzi. "Nisamehe, baba. Hawa siuzi." Kisha akamgeukia Luhende. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Kazi ilinifunga mdomo, mama. Niliumia sana."

"Na wawili wangu wamekwenda."

Odeta aliutafuta mkono wa Luhende, akaubana. "Nisamehe," alinong'ona.

Luhende alimgeukia Bi Getruda. "Mama, wazee wangu watakuja kuzungumza. Wataleta ng'ombe, na si wawili tu. Kama Odeta atakubali."

"Waje Jumamosi," alisema Odeta, kabla mama yake hajafungua mdomo.