Fundi Aliyempima Nevena

Lyuben ndiye aliyeisikia harufu kwanza. Chokaa mbichi, iliyochanganywa saa hiyo hiyo, katika kichochoro cha mji wa zamani wa Plovdiv, Bulgaria, ambako hapakuwa na mtu anayejenga chochote. Mtu aliyefanya uashi Ujerumani miaka kumi na mitano, pua yake haimdanganyi. Akasimama. Nevena, mkewe, akamvuta mkono na kumwambia leo hakuna kazi, leo ni miaka kumi na mitano ya ndoa, na kama ana hamu ya chokaa arudi kwa Wajerumani wake.

Alikuwa na haki ya kumsema. Lyuben aliondoka wiki mbili baada ya harusi, na tangu hapo alikuwa akija wiki tatu za kiangazi, anakula, analala, anaenda zake. Sikukuu zote za ndoa Nevena alizisherehekea na simu. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza likizo kuangukia tarehe yenyewe, basi wakapanda treni ya asubuhi kutoka kijijini kwetu, wakaja mjini kutembea na kula kama wachumba.

Tatizo ni kwamba huko ugenini kichwa cha Lyuben kiliharibika. Sisi Wabulgaria tukikubali tunatikisa kichwa kushoto na kulia. Tukikataa tunakiinua na kukishusha. Wengine wako kinyume, shauri yao. Lyuben akachanganya. Juzi mama mkwe wake alimuuliza kama aongezewe supu, naye ameshiba hadi kooni; akatikisa kichwa kukataa, na bakuli likajazwa tena. Sote mezani tulicheka mpaka machozi. Mimi mwenyewe nilicheka, na ninajuta.

Mbele yao palikuwa na ukuta mkongwe wenye pengo la jiwe moja, na kando yake alisimama fundi. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa vumbi, lakini hakuwa na ndoo wala mwiko. Alishika uzi mwekundu tu. Nevena alikuwa amesimama anapumzisha kisigino, jua la saa tatu mgongoni, na kivuli chake kimelala juu ya mawe mpaka miguuni pa yule mtu.

"Bwana, utaniachia huyu?" fundi aliuliza taratibu.

Lyuben alidhani ni mmoja wa wale wanaowang'ang'ania wageni wawachore picha. Hakufungua hata kinywa. Akatikisa kichwa kushoto na kulia kumkataa. Fundi akatabasamu, akapiga magoti, akanyoosha uzi kutoka kisigino cha kivuli hadi utosini, akaukata kwa meno. Nevena alijishika shingo. Alisema kitu kimemfinya.

Mchana walikaa mgahawani, nje, kwenye jua kali, lakini Nevena alitetemeka kwa baridi. Supu ya maziwa ya mgando na matango aliionja akasema ina mchanga. Lyuben akaionja, haina. Kisha mkewe akakohoa kwenye kitambaa, na kitambaa kikabaki na vumbi jeupe.

Mhudumu, mama mmoja mnene, alikuwa anaweka mkate mezani. Akatazama chini, mkono ukaganda hewani. Sakafuni palikuwa na kivuli cha meza, cha kiti, na cha Lyuben. Palikuwa na kivuli cha mkoba wa Nevena pia, kinaning'inia peke yake, hakuna mkono ulioushika.

"Nani amempima mkeo?" alinong'ona.

Hakuna mtoto wa nchi yetu asiyejua maana yake. Ukuta usiotaka kusimama hulishwa kivuli: fundi humpima mpita njia kwa uzi, uzi ukajengewa ndani, na mwenye kivuli hamalizi siku arobaini. Akifa anakuwa jini wa jengo hilo. Lyuben aliukumbuka ule uzi.

"Lakini nilikataa," alisema.

"Kwa mdomo?"

Lyuben akagusa kichwa chake. Mhudumu akafanya ishara ya msalaba, akamwambia akimbie kabla chokaa haijakauka.

Wakakimbia, Lyuben akimkokota mkewe juu ya mawe yale yanayoteleza, na kadiri walivyokaribia ndivyo harufu ya chokaa ilivyozidi mpaka ikawa chungu kinywani, na mkono wa Nevena ulizidi kuwa baridi na mgumu ndani ya mkono wake, na walipofika kwenye kona wakaona pengo limezibwa na chokaa bado inang'aa kwa maji, na kutoka ndani ya jiwe ikasikika sauti ya mwanamke akikohoa, kikohozi cha Nevena kabisa, wakati Nevena mwenyewe amesimama pale kafumba mdomo.

Fundi alikuwa anafuta mikono.

"Nilikuwa nakataa," Lyuben alisema. "Nilitikisa kichwa nikimaanisha hapana."

"Kwa lugha ya nani?"

Lyuben akanyoosha mkono kuelekea kwenye jiwe.

"Ukuta umeshafungua kinywa," fundi akasema. "Siwezi kuuacha mtupu."

Nevena aliona mumewe anavyovuta pumzi, akamshika shati, akamwambia asithubutu. Lyuben aliibandua mikono ya mkewe kidole kwa kidole.

"Toa wake," alisema kwa sauti. "Nipime mimi."

Fundi akauchomoa uzi kutoka kwenye chokaa, umelowa, akauweka kiganjani mwa Nevena. Joto likamrudia papo hapo. Kisha fundi akapiga magoti nyuma ya Lyuben.

Jioni kituoni vivuli vilikuwa virefu. Cha Nevena kilifika kwenye reli. Kando yake, aliposimama mumewe, palikuwa na mwanga mtupu. Nevena alilia, akampiga kifuani, akamwita mpumbavu, akamuuliza nani alimtuma. Lyuben alisubiri amalize. Kisha akampigia simu msimamizi wake Ujerumani, akamwambia harudi tena kazini.

"Siku arobaini, Nevena," alisema. "Tangu tuoane sijawahi kukaa nyumbani siku arobaini mfululizo."

Nevena alianza kuhesabu kwa vidole ingeangukia tarehe ngapi, akakunja ngumi kabla hajafika.