Kikombe cha Kwanza

Kulikuwa hakujapambazuka vizuri nilipotoka hospitali na chupa tupu ya chai mkononi. Mume wangu alikuwa ameomba chai.

Kwa mwingine hiyo si habari. Kwangu ilikuwa. Tangu alazwe alikuwa hagusi kitu. Uji niliompelekea asubuhi niliumwaga jioni. Daktari alishaniita pembeni akaniambia nianze kuwaarifu ndugu. Halafu alfajiri ile akafumbua macho.

"Chai," alisema. "Ya moto."

Nikatoka mbio. Mbio za mtu aliyelala kwenye kiti cha plastiki, yaani kutembea tu.

Mgahawa wa Shangazi uko ng'ambo ya geti la nyuma la hospitali. Si shangazi yangu. Mtaa mzima unamwita hivyo. Mgahawa una meza nne, na kila asubuhi nilikula pale mkate na yai kabla ya kurudi wodini. Nilijua taratibu zake. Chai ya kwanza huchemshwa peke yake, kwenye kisufuria kidogo, haina sukari. Inawekwa kwenye meza ya ukutani, mkono wa kikombe ukielekea kushoto, kijiko kando. Hakuna anayekaa pale.

Niliwahi kuuliza ni ya nani.

"Ya mwenye mgahawa," Shangazi alijibu, akaenda zake jikoni.

Fundi viatu, mteja wa kila siku, ndiye aliyeninong'oneza. "Marehemu mumewe. Alikuwa mashoto. Akitaka chai haiti mtu. Anagonga kikombe kwa kijiko."

Nilidhani ni mapenzi. Nikamwonea wivu Shangazi.

Asubuhi ile fundi viatu alikuwa hajafika. Shangazi alikuwa jikoni anapuliza moto.

"Shangazi, chai. Ya kubeba."

"Subiri, mwanangu. Mkaa una maji, birika kubwa ndiyo kwanza nimelibandika."

Nikakaa. Nikakitazama kile kikombe cha ukutani. Kilikuwa kinafuka mvuke. Wake amekufa, nikawaza, wangu yu hai na ana kiu. Nikainuka, nikaimimina chai yote kwenye chupa. Kikombe nikakirudisha mahali pake, mkono kushoto.

Nilikuwa mlangoni niliposikia.

Ti... ti.

Nikageuka. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu ya tumbaku, na katika mgahawa ule hakuna aliyekuwa akivuta.

Mume wangu aliinywa chai yote. Alipomaliza alikigonga kifuniko cha chupa kwa kijiko, akitaka zaidi. Kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una dripu, nikajiambia. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hupokea maelezo yoyote.

Wiki haikuisha wakamruhusu. Daktari aliwaita wenzake waje kumwona.

Tukapita kwa Shangazi kupata kifungua kinywa kabla ya kwenda nyumbani. Fundi viatu alikuwepo.

"Shemeji, huyu ndiye mgonjwa uliyekuwa unatumalizia mkate kwa ajili yake? Mbona mzima kuliko mimi?"

Mume wangu hakucheka. Alizipita meza zote, akavuta kiti cha ukutani, akakaa.

Fundi viatu aliacha kutafuna.

Nikasogeza kopo la sukari. Mume wangu ni mtu ambaye nyumbani nilimficha sukari. Huijaza hadi ibaki chini ya kikombe, kisha huikomba kwa kidole kama mtoto. Alilisukuma kopo pembeni. Akachukua kijiko.

Ti... ti.

Jikoni kitu kilianguka kikavunjika.

Shangazi akatoka. Hakumtazama usoni. Alitazama sakafu, kichwa kimeingia mabegani, kama mtu anayesubiri kofi. Akamwekea chai. Kisha akanishika mkono, akanivuta jikoni.

"Ile siku kikombe nilikikuta kikavu," alinong'ona. "Nikajua amekunywa, ameridhika."

"Nisamehe, Shangazi. Ni mimi. Mgonjwa wangu aliomba chai."

"Aliomba nani?"

Nikachungulia mlangoni: dripu haikuwepo tena, na kikombe alikishika kwa kushoto.

"Ulidhani namkumbuka?" Akapandisha mkono wa gauni. Kutoka kifundo hadi kiwiko ngozi ilikuwa imekunjamana kwa kuungua. "Hii ni siku niliyochelewa. Akiwa hai. Alipokufa aliendelea kugonga. Kile kikombe kilikuwa cha kumkalisha pale pale, asiinuke."

"Sasa nifanyeje?"

"Usichelewe." Akashusha mkono wa gauni. "Na usimlete tena hapa. Nimechoka, mwanangu."

Kesho yake meza ya ukutani ilikuwa na wateja. Fundi viatu ndiye aliyeniambia.

Siku hizi ninaamka kabla ya jogoo. Nachemsha chai ya kwanza peke yake, bila sukari, naiweka mezani, mkono wa kikombe kushoto. Anakuja, anakunywa. Hajanigusa. Sijachelewa.

Halafu namimina kikombe cha pili. Hicho nakijaza sukari, nakiweka dirishani kwa nje, pale mtu anapoweza kukifikia bila kuingia ndani. Sijamwambia yeyote ni cha nani. Kila alfajiri nakikuta kimejaa, kimepoa, sisimizi wameelea. Namwaga, naosha, naanza tena.

Leo nilipofungua dirisha kilikuwa kitupu.

Nikakiinua, nikakisogeza kwenye mwanga. Chini, sukari ilikuwa imekombwa. Alama ya kidole ilizunguka ukingo wote.

Nikasimama pale nimekikumbatia. Nikatazama uani, nikamwita kwa jina ambalo mimi peke yangu namwita. Sijui nilisimama muda gani. Moto nilikuwa sijawasha.

Nyuma yangu, mezani, kiti kikavutwa.

Ti... ti.