Kihisi cha Mti wa Kumi na Saba

"Usiguse hicho kitufe," Levis alisema kutoka chini, macho yakiwa kwenye simu. "Wewe kaza tu huo mkanda, kisha ushuke."

Benta alikuwa juu ya mti wa kumi na saba, kamba kiunoni, akifunga kwenye shina kile kisanduku cha kunusa moshi ambacho mradi ulikiita kihisi. Msitu wa Gwassi ulikuwa umekauka, na vihisi arobaini vilitakiwa kuwa macho kabla ya upepo wa Februari. Levis ndiye aliyekuwa fundi. Kwa wiki tatu sasa, kazi ya fundi ilikuwa kushika ngazi kwa mkono mmoja.

"Na kujaribu je? Hii haijawaka taa."

"Nitajaza kwa fomu kwamba imejaribiwa. Nani atapanda huku kuangalia?"

"Moto. Mwaka jana ulimaliza mizinga yote ya nyuki ya baba yangu, si unajua?"

Levis akacheka. "Benta, wewe ni wa kupanda miti. Mambo ya mitambo waachie waliosoma."

Hilo nalo Benta alilimeza. Alikuwa amemeza mengi kutoka kwa huyo mwanamume, kwa sababu Jumamosi angekuja kwao Magunga na wazee wake kumpa mama yake ayie, ile zawadi ya kwanza ya kumwomba mama akubali binti aolewe. Mama alikuwa amepaka nyumba rangi na kutenga kuku sita. Ukishatengewa kuku sita, dharau unaanza kuiita utani.

Kesho yake, Jumanne, alirudi kwenye mti huo peke yake. Hakumwambia mtu, maana hakutaka ofisi igundue kwamba mchumba wake anajaza uongo. Alibonyeza kitufe, akakiweka kihisi kwenye majaribio ili tahadhari ije kwake tu, akachoma majani makavu kidogo ndani ya mkebe, na simu yake ikalia: MOSHI. KIHISI 17. Akamwagia mkebe maji, akakiacha kihisi kazini, akaenda zake ameridhika.

Alhamisi mchana, akiwa kwenye kambi ya walinzi wa msitu akikunja kamba zake, alipata ujumbe wa Levis:

"Niko Migori nashonewa suti ya Jumamosi, jaber, mrembo wangu. Simu inazima, chaji imeisha."

Haikupita nusu saa simu ikalia tena, na ya Afande Okari, mkuu wa walinzi, ikalia pamoja nayo. MOSHI. KIHISI 17.

"Hao ni wachoma makaa," Okari alisema, akajitwika pampu ya maji mgongoni. "Twende."

Walipanda kilima mbio. Hawakukuta makaa. Chini ya mti wa kumi na saba kulikuwa na leso imetandikwa, mawe matatu, samaki wawili aina ya ngege juu ya moto, na Levis, bila shati wala suti, akimlisha samaki Terry, karani wa ofisi ya mradi kule Homa Bay.

Okari aliwamwagia maji, moto na samaki pamoja.

"Unajua kuwasha moto humu ni kesi?"

Levis alitazama juu kwenye kisanduku. "Lakini hii kitu haifanyi kazi."

"Inafanya," Benta alisema. "Niliijaribu Jumanne, nikuondolee aibu."

"Levis, huyu ni nani?" Terry akauliza.

"Ni kibarua tu. Yule wa kupanda miti."

Benta alisubiri machozi yaje. Hayakuja. Alichokiona mbele yake ni mtu mwenye majani kichwani na mafuta ya samaki kidevuni, na akajionea haya kwamba huyu ndiye aliyekuwa akimkosesha usingizi.

Levis akamvuta kando, sauti imelainika ghafla.

"Benta wangu, mwambie afande tulikuwa tunajaribu mtambo. Neno moja tu. Nikishikwa leo, Jumamosi nitakujaje? Fikiria mama yako. Fikiria majirani."

Na alifikiria, kweli. Alifikiria kuta zenye rangi mpya, kuku, na shangazi ambaye tayari ameshavuka ziwa kutoka kisiwa cha Remba. Neno moja tu, na sherehe ingeendelea.

"Benta," Okari aliita, "wewe ndiye unajua hii kazi. Yalikuwa majaribio?"

"Afande, sisi hujaribu na mkebe na majani makavu. Na ngege hatujawahi. Halafu fomu ya huu mti inasema ulijaribiwa Jumatatu. Sahihi ni yake."

Terry aligeuka polepole. "Hiyo fomu niliipokea mimi. Na wewe leo ukaniambia mtambo wa hapa umekufa, ati ndiyo maana tuje hapa." Akavuta leso yake, akaanza kuikunja.

"Benta, unaniharibia maisha juu ya samaki? Nani mwingine ataoa mpanda miti?"

"Sijui. Lakini atashika ngazi na mikono miwili."

Okari akamwongoza Levis kuteremka kilima, shati amelivaa kinyume. Benta alipanda mtini, akapangusa masizi kwenye kihisi, akahakikisha taa inawaka. Aliposhuka ndipo alipompigia mama yake.

"Mama, Jumamosi hawaji."

"Kuna mtu amekufa?"

"Hapana. Levis ameshikwa na afande. Alikuwa msituni na karani, wanachoma ngege."

"Ngege. Na kwangu amekuja mara nne mikono mitupu. Nyathina, mwanangu, huyo kijana amekula hapa mara nne na hajawahi kuuliza jina langu. Nilinyamaza kwa sababu yako."

"Na mimi nilinyamaza kwa sababu yako, Mama. Kwa sababu ya nyumba na kuku."

"Nyumba ilikuwa inataka rangi hata hivyo." Benta alimsikia akimfukuza kuku mlangoni. "Njoo Jumamosi. Na huyo afande mwambie aje na walinzi wake, kuku ni sita."