Tawi la Watu Wawili

Dada yangu ninayemfuata kuzaliwa si mtu wa kuzua mambo. Mwongo wa familia ni mimi. Yeye hata utani humchukua siku mbili kuuelewa. Aliponisimulia haya nilimwamini, na mpaka leo natamani nisingemwamini.

Alikuwa ameajiriwa na kampuni ya kuuza pampu za maji. Makao makuu yalikuwa mji mwingine, safari ya siku nzima. Yeye walimweka tawini, peke yake, katika chumba chenye meza, viti viwili na skrini iliyofunika ukuta mzima. Wakubwa waliringa nayo sana ile skrini. Meza yake ilisukumwa ikagusa ukuta, na kule makao makuu meza ya rangi ileile ikagusa skrini yao, ili ukitazama uone meza moja ndefu na watu wamekaa pamoja. Laini ya video iliachwa wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Wenyewe walisema ni kukaa karibu. Mimi nilisema ni kumchungulia mtu akitafuna mkate.

Upweke ulimtesa. Wenzake aliwaona, tena kwa ukubwa wao halisi, hata kifungo kilicholegea alikiona. Lakini kikao kikiisha walinyanyuka, wakaenda kucheka kwenye korido, yeye akabaki na meza. Kwa miezi minane aliandika barua tatu kuomba aletewe mwenzake. Jibu lilikuwa lilelile: ombi lako limeonekana.

"Acha kazi basi," nilimwambia.

"Si mbaya kihivyo, mdogo wangu. Kuna baba mmoja anakaa kiti cha mwisho. Wengine wakiondoka, yeye habanduki. Haongei, ananitazama tu. Chakula cha mchana nakula naye."

Nikamtania kwamba amepata mchumba wa kwenye kioo. Akacheka, na niliumia kuona jinsi alivyofurahi.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Kikao kilikuwa kimeisha, na kule makao makuu amebaki katibu muhtasi akifuta meza. Yule baba alikuwa kitini pake, shati la kijivu, mikono mezani. Dada akajikaza.

"Samahani, mama. Naomba unisalimie huyo baba. Miezi minane tunatazamana, hatujasemezana."

"Baba yupi?"

"Wa hicho kiti ulichoshika."

Katibu aliutoa mkono haraka. Akakitazama kiti, kisha akamtazama dada.

"Hapa hakuna mtu," alinong'ona. "Mwenye shati la kijivu?"

"Huyo huyo."

"Si mwenzako wa tawini huyo? Sisi tunamwona huko kwako, kushoto kwako. Kila siku. Ndiyo maana bosi barua zako hazimwingii. Anasema mko wawili tayari, wa tatu wa nini?"

 Dada alitazama skrini, kwenye kiti cha mwisho.

Kilikuwa kitupu.

"Usigeuke," katibu alinong'ona.

"Kwa nini?"

"Amekuinamia."

Dada hakugeuka. Hakuona kitu. Alisikia tu kile kiti cha pili kikilia, taratibu, kama kinavyolia mtu akisogea. Kisha pumzi sikioni. Ya baridi.

Alichomoka mbio. Mkoba aliuacha. Viatu aliviacha. Alifika kwangu mchana kweupe, pekupeku, na hakurudi tena.

Barua ya kuacha kazi niliipeleka mimi. Tawi likafungwa. Wakang'oa skrini na kamera, wakakata umeme, wakatia kufuli. Nikadhani yamekwisha.

Wiki ya tatu katibu alimtumia dada ujumbe: "Karibu tena kazini. Umerudi lini? Tunakusalimia toka asubuhi, huitikii." Chini aliweka picha ya skrini yao. Chumba kilekile. Meza ileile. Dada yangu amekaa, na blauzi ya ile Jumanne. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

Dada yangu mwenyewe alikuwa amesimama jikoni, simu mkononi. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga.

"Masikini," alisema, machozi yakimtoka. "Nimemwacha peke yake."

Ni mwaka wa tano sasa. Dada anauza vitambaa kwenye duka lililojaa watu, na jioni anarudi sauti imemkauka kwa maneno na vicheko. Namshukuru Mungu. Katibu bado hunipigia mara mojamoja, kwa kunong'ona. Anasema skrini yao hakuna anayethubutu kuizima, maana wakiizima, yule atabaki na nani? Humuaga kila jioni wakiondoka. Yeye hutazama tu mlango wao.

Juzi aliniambia yule wa kwenye skrini ameanza kuota mvi.

Nilikata simu nikaenda kumtazama dada akichana nywele. Nilimwangalia kichwa chote. Hana hata unywele mmoja mweupe; yuko vilevile kama siku ile alipofika kwangu pekupeku.