Kuta za Kitambaa

— Shika ukuta, Kimya, unaondoka.

Kimya aliushika kwa mikono yote miwili. Upepo ulikuwa umeingia uwanjani ghafla, ukajaa ndani ya kitambaa cheupe, na ukuta mzima wa sebule ukavimba kama shavu la mtu anayepuliza moto. Kijana wa manispaa akaja mbio na nyundo, akapigilia kigingi, akakaza kamba, kisha akasimama akihema.

— Nimepima viwanja vingi, akasema, lakini nyumba inayotaka kuruka sijawahi kuiona.

Kimya akainamisha uso ili asionekane anacheka.

Alikuwa fundi cherehani, mtoto pekee wa mama yake, mpole wa maneno mpaka mtaa mzima ukasahau jina lake ukabaki na hilo la Kimya. Kijana naye alikuwa mpima ardhi, na kwa kuwa futi yake ya kupimia haikumtoka kiunoni hata siku moja, watu walimwita Futi.

Kilichowakutanisha ni makubaliano ambayo mtaa haukuwahi kusikia mfano wake. Manispaa ilitaka kujenga nyumba za bei nafuu palepale watu walipokuwa wakiishi, ili mwenye kipato kidogo asisukumwe nje ya mji. Ikaomba msaada chuo kikuu. Chuo kikamtuma Profesa, mama mfupi mwenye sauti kubwa, pamoja na wanafunzi wake. Profesa akasema yuko tayari, ila tofali la kwanza lisiwekwe mpaka wenyeji waingie kwanza ndani ya hizo nyumba. Wakubwa wa manispaa wakamuuliza mtu anaingiaje kwenye nyumba ambayo haijajengwa. Akawajibu kwamba itashonwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nyumba moja ya mfano, kila chumba kwa ukubwa wake halisi, kuta za kitambaa juu ya nguzo katikati ya uwanja wa mpira. Futi alichimbia nguzo. Kimya alishona kuta. Wenyeji waliingia, wakakaa, wakabishana, na ukuta usiowafaa ulihamishwa palepale, wanafunzi wakabadilisha mchoro.

Sharti la Profesa lilikuwa moja tu: humu ndani ukuta ni ukuta. Hakuna kupita katikati yake wala kuufunua uchungulie. Mtu apite mlangoni, na mlangoni apige hodi.

Mwanzoni watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Halafu, kidogo kidogo, kicheko kikaisha. Wazee wakaanza kuvua viatu mlangoni, ingawa sakafu ilikuwa nyasi. Wanawake waliokuwa wakiitana kwa sauti kule nje, wakifika kwenye korido walishusha sauti. Jirani mmoja aliyeitwa Mama Redio, ambaye habari haikuwahi kulala mdomoni mwake, aliingia jikoni, akasimama mahali ambapo dirisha lingekuwa, akanyamaza muda mrefu. Watu walipomuuliza ana nini, alisema anaangalia nje.

Kimya mwenyewe aliingia mara ya kwanza siku alipomaliza kushona ukuta wa mwisho. Tangu azaliwe alilala chumba kimoja na mama yake. Hakuwahi kusimama mahali penye kuta nne akiwa peke yake. Futi alimwambia aende, yeye akabaki nje. Ndani mwanga ulipita kwenye kitambaa ukawa mweupe kama maziwa, na mbingu ilikuwa dari. Kimya alinyoosha mikono pande zote mbili. Haikugusa kitu.

— Kukoje huko? Futi akauliza kutoka upande wa pili.

Alitafuta neno, akakosa, akatafuta tena.

— Kunatosha, akasema.

Futi akamwomba namba ya simu. Kuanzia siku hiyo simu ya Kimya ikawa na kazi.

"Fundi wa kuta, umeamkaje?"

Kimya angeandika mistari mingi, akaisoma, akaona haya, akaifuta yote, akatuma: "Salama."

"Salama yako ni ndefu," Futi alijibu. "Nitaisoma mpaka mchana."

Alimpenda kwa hilo. Watu wengine walimsukuma aseme. Huyu alisoma hata kile alichokifuta.

Mapenzi yakakua hivyo, kati ya nguzo na sindano, mpaka ujumbe mwingine ukaingia: "Jumapili nataka kuja nyumbani kujitambulisha kwa mama. Nije?"

Kimya alikaa na ujumbe ule mchana kutwa. Jioni akamwendea mama yake, ambaye alikuwa dobi, akamkuta anakunja nguo za wateja.

— Mama, kuna mtu.

Mama akatabasamu bila kuinua kichwa. Alisema alishaona, maana siku hizi binti anachoma wali huku anaangalia simu. Akauliza mtu huyo anafanya kazi gani.

— Anapima.

— Anapima nini?

— Ardhi. Yuko manispaa.

Mikono ya mama ikasimama juu ya shati la watu. Lile tabasamu likaondoka usoni mwake taratibu, kama maji yanavyoondoka kwenye mchanga. Zamani, kabla ya chumba hiki, mama alikuwa na nyumba yake mwenyewe. Walikuja vijana wenye adabu, wakapima, wakachora alama nyekundu ukutani, wakamwambia asiwe na wasiwasi. Alidhani ni alama ya kuhesabu watu.

— Kila aliyepima nyumba yangu alirudi na tingatinga, akasema.

— Huyu anajenga, mama.

— Na wale walisema wanajenga.

— Hujamwona.

— Sihitaji kumwona. Olewa na kinyozi, mwanangu. Olewa na mchimba visima, mimi mwenyewe nitacheza mbele ya watu. Lakini mtu wa futi asivuke mlango wangu.

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kimya. Hasira ingepoa. Hii ilikuwa hofu, nayo ilikuwa na umri sawa na wake. Mama hakutaka hata kwenda uwanjani kuona nyumba ya mfano. Kila Mama Redio alipomshawishi, alisema ana nguo za watu.

Kimya akatuma: "Usije Jumapili."

Simu ikaita mara moja. Akaiacha. Ikaita tena, akaipokea akiwa amejificha nyuma ya nguo zilizoanikwa.

— Nimekukosea? Futi akauliza.

— Hapana.

— Basi kuna neno. Kama ni la kuniacha, niambie machoni. Kesho, uwanjani. Simu haionyeshi uso.

Kesho yake ilikuwa siku ya wageni. Wakubwa wa manispaa walikuja kuona kama wenyeji wameridhika, wanafunzi walikuja na michoro yao, na mtaa mzima ukajaa ndani na nje ya nyumba ile. Kimya alipenya katikati ya watu, akajificha kwenye chumba cha pili, mbali na sebule. Aliomba moyoni asilie.

— Hodi, Futi akasema nyuma ya pazia la mlango.

— Karibu.

Akaingia, akashusha pazia. Sasa walikuwa ndani ya kuta nne, wawili tu. Na hapo ndipo walipofanya kosa ambalo lisingefanywa na mtu mwingine yeyote isipokuwa hao wawili. Mmoja alizishona zile kuta, mwingine alizisimamisha. Walikuwa wameziheshimu kila siku mpaka wakaziamini. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ni kitambaa.

— Sasa niambie.

— Mama hataki.

— Hanitaki mimi, au haitaki futi?

— Wewe hajakuona.

— Basi kuna nafuu.

Akaifungua futi kiunoni, akaiweka chini kwenye nyasi.

— Huyu aliyebaki hapa ndiye mimi.

— Usinichekeshe, Kimya akasema. Nikicheka sitaweza kusema.

Kisha yakamtoka. Maneno yote aliyoyafuta kwenye simu tangu mwanzo yalikuja kwa pamoja, naye akashangaa kusikia sauti yake ikiyabeba bila kukwama.

— Nilikuwa mgongoni kwa mama siku walipobomoa. Mimi sikumbuki kitu, yeye anakumbuka kwa ajili yetu wawili. Mpaka leo gari kubwa likipita anaamka, anakaa kitandani, anauwekea ukuta mkono. Hasemi chochote. Anaushika tu mpaka gari lipite. Mimi hujifanya nimelala ili asione haya. Sasa niambie, nikiolewa nikaondoka, ataushika na nani?

Futi akaitazama futi yake pale kwenye nyasi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Nimepima kuta miaka yote hii. Sikuwahi kujua kwamba kuna watu wanazishika zisianguke.

— Ndiyo maana nasema usije.

— Lakini ni nani aliyekwambia utaondoka? Nyumba hizi zina vyumba viwili. Mimi sikuja kukuchukua kwa mama yako, Kimya. Nimekuja kuomba nafasi. Mnaposhika ukuta wawili, nipeni na mimi pa kuweka mkono. Kama hapati usingizi, tutakosa usingizi wote watatu.

Kimya hakujua aweke wapi macho. Katika kuwaza kwake kote alihesabu njia mbili tu, kumwacha mama au kumwacha yeye. Hii ya tatu haikuwahi kumjia.

Halafu akahisi kitu. Kulikuwa kimya. Wageni, wanafunzi, watoto waliokuwa wakilia sebuleni, wote walikuwa wamenyamaza. Uwanja mzima ulikuwa umetulia kama darasa siku ya mtihani. Jua lilikuwa nyuma yao, na vivuli vyao viwili vilikuwa vimesimama wazi juu ya kitambaa, vikubwa kuliko wao.

Damu ikamwenda mbio usoni. Akageuka atafute pa kujificha, na ndipo alipouona mkono.

Upande wa jikoni, kitambaa kilikuwa kimesukumwa kwa ndani. Kiganja kizima kilijichora pale, vidole vyote vimetanuka, na kidole gumba kimepinda kidogo kwa kushika pasi maisha yote. Mkono ule haukupapasa wala haukutetemeka. Ulikuwa umeushika ukuta.

Kimya alisahau watu. Alisogea, akaweka kiganja chake juu ya kile. Joto likapita kwenye kitambaa kana kwamba hakuna kitu katikati.

— Mama?

— Naam.

— Umefika lini?

— Tangu "mama hataki".

Mahali fulani sebuleni Mama Redio akajitetea kwa mnong'ono uliosikika mpaka golini, kwamba yeye alimleta mwenzake aone kushona tu, hakujua kuna na mchezo wa kuigiza. Watu wakamzomea anyamaze.

Mkono ukaondoka. Mama angeweza kuinua kitambaa akapita chini yake, maana ulikuwa ukuta wa kamba na vigingi. Hakufanya hivyo. Alitoka jikoni, akafuata korido, akapita sebuleni ambako watu walijibana kumpisha, na Profesa mwenyewe akarudi nyuma. Kimya alizisikia hatua zake zikizunguka nyumba nzima. Zikasimama mlangoni. Ndala zikavuliwa.

— Hodi.

Yule mwanamke ambaye nyumba yake iliangushwa bila mtu kumpigia hodi alikuwa amesimama nje ya pazia, akiomba ruhusa ya kuingia kwenye nyumba ya kitambaa.

— Karibu, mama, Futi ndiye aliyejibu. Shikamoo.

— Marahaba.

Akaingia. Hakumwangalia kijana kwanza. Aliangalia kuta, moja baada ya nyingine, akapitisha kidole kwenye mshono kutoka chini mpaka alipofikia.

— Umeshona mwenyewe?

— Ndiyo, mama.

— Zote?

— Zote.

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake kwa mara ya pili. Kisha akakaa chini kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akamgeukia Futi.

— Wewe. Siku wakikutuma ukapime nyumba ya mtu ili ibomolewe, utafanyaje?

— Nitakataa, mama.

— Watakufukuza kazi.

— Mwanao ana cherehani.

— Kwa hiyo utalishwa na mwanangu.

— Nitakuwa nashona vifungo, mama. Sishindwi.

Mdomo wa mama ukacheza pembeni. Aliubana, lakini Kimya aliuona, akakaa chini kando ya mama yake bila kupanga.

Mama akaweka mkono kwenye ukuta ulio karibu naye, ule wa kati, unaotenganisha vyumba viwili.

— Mimi nikilala upande huu, akasema, huko upande wa pili atalala nani?

Kimya na Futi wakatazamana. Huko nje hata wakubwa wa manispaa walitega masikio.

— Nimeuliza.

— Sisi, mama, Futi akasema. Ukituruhusu.

Mama akaupapasa ukuta, akaubonyeza, ukabonyea.

— Basi huu mkiujenga, wekeni tofali nene. Nimeshasikia ya kutosha.

Kicheko kikapasuka kutoka kila chumba kwa pamoja, mpaka nguzo zikayumba. Kimya alificha uso wake begani kwa mama, na mama akamwachia bega.

— Mmesikia? Profesa akawauliza wanafunzi wake, huku anajifuta macho. Tofali nene. Andikeni.