Afya ya Kuazima

Ndugu zangu, seremala wa mtaani kwetu mnamjua, yule tunayemwita Chuma. Asubuhi ninayoisimulia alikuwa karakanani akipiga randa ubao wa kitanda, sigara kaichomeka sikioni. Mkewe alikuwa amemletea chai, na walikuwa wakitaniana kuhusu kitambi cha mume.

Ndipo akaingia muuguzi wa utafiti.

Kwa asiyejua: tangu azaliwe, Chuma yumo katika kundi la watu wanaofuatiliwa afya zao maisha yao yote. Kila baada ya miaka kadhaa hupimwa na kuulizwa wanakula nini, wanavuta nini, ili ijulikane maisha ya ujanani humfanya nini mtu uzeeni. Jambo jema kabisa. Lakini bwana huyu aliligeuza mtihani, na mtihani lazima aufaulu! Muuguzi akipiga simu kwamba anakuja, Chuma huacha sigara na chumvi, kisha huenda kuomba vidonge kwa dada yake, mgonjwa wa shinikizo la damu. Dada mtu hubaki bila dawa. Chuma akipimwa, safi. Muuguzi akigeuza mgongo tu, kiberiti.

Safari hii muuguzi hakupiga simu. Alimpima, akampima tena.

"Kaka, shinikizo lako liko juu sana."

"Mashine yako mbovu, dada."

"Mashine ni nzima," mkewe akasema. "Huwa anameza dawa za wifi kabla hujaja."

"Mke wangu, unanianika mbele ya mgeni?"

"Bora nikuanike ungali mzima, baba watoto. Nikishakuzika nitamwanika nani?"

Muuguzi hakucheka. "Wenzako waliokutangulia kuzaliwa, tuliowapima miaka yote hii, wametufundisha jambo. Shinikizo la juu haliumi mtu akiwa na nguvu zake, lakini linakula mishipa taratibu. Wengi walioanguka uzeeni, ukirudi nyuma unakuta lilianza zamani, wakalipuuza. Kesho njoo kliniki uandikiwe dawa zako mwenyewe. Na mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, msingoje, kimbilieni hospitali."

Chuma aliitikia, lakini hakwenda. Kesho ikazaa kesho. Mkewe akikumbusha, jibu ni lile lile: kwanza amalize kitanda cha mteja.

Mchana mmoja randa ikamponyoka. Akainama kuiokota, mkono wa kulia ukakataa kumtii. Alipomwita mkewe, maneno yalitoka yamevurugika na mdomo umepinda. Mama yule aliogopa mno, lakini hakupoteza muda kwa mayowe wala kutafuta mtu wa kumkanda mumewe. Alisimamisha gari la kwanza lililopita.

"Hospitali," akamwambia dereva, "na usisimame popote."

Madaktari walimwokoa. Mkono wa kulia umebaki mzito, kwa hiyo leo seremala wetu anajifunza kupiga randa kwa mkono wa kushoto. Ubao unatoka na mabonde, anaurudia. Ukitaka kumsaidia anakufukuza. Sigara ameiacha, na dawa anazomeza ni zake.

Muuguzi aliporudi, Chuma alimzuia kabla hajatoa mashine.

"Dada, vile vipimo vyangu vya zamani vyote ni uongo. Vifuteni. Binti yangu naye yumo kwenye utafiti wenu. Sitaki mje mumshauri mwanangu kwa uongo wa baba yake."

FUNZO

Jamani, kipimo si mtihani wala hakina zawadi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na dawa ya kuazima ni hivyo hivyo: inamdanganya muuguzi, inamnyima mgonjwa haki yake, nawe inakuacha na maradhi yako. Afya ya uzeeni hujengwa au hubomolewa tungali na nguvu zetu. Kapimeni kabla hamjaumwa, mkiulizwa semeni kweli, na mkiambiwa kesho kliniki, iwe kesho hiyo hiyo. Chuma alikuwa na mikono miwili ya kazi. Sasa anao mmoja.